Nambari Nane Asicheze

Kiungo hucheza kwa masikio. Ukiniuliza nilichojifunza miaka yote niliyovaa jezi ya katikati, nitakwambia hilo tu, na mengine ni mbwembwe za watangazaji. Winga ana mstari pembeni yake, hakuna wa kumjia kutoka huko. Beki anauona uwanja wote mbele yake. Lakini kiungo anapokea mpira akiwa amewapa mgongo nusu ya watu wanaotaka kumvunja, na binadamu hana macho kisogoni. Kinachomwokoa ni sauti za wenzake. "Mtu!" maana yake kuna anayekujia, achia haraka. "Peke yako!" maana yake geuka, una nafasi. Kelele hizo mbili ndizo zilizonilisha ujana wangu wote.

Nilikulia Ngara, kwenye gorofa zilizo nyuma ya maduka ya jumla. Wazazi wangu walitoka Ukambani, watu wa kanisa na wa kazi za serikali. Mpira tulicheza pale malori yanaposhushia mizigo, sisi na watoto wa Kihindi wa gorofa ya juu, mama zao wakitufokea kwa Kigujarati na mama zetu kwa Kikamba, na sote tukielewa kwamba tumevunja kioo cha mtu. Pale ukinyamaza unagongwa na mkokoteni. Nikajifunza kupiga kelele na kusikia kelele, na nilipofika kwenye vilabu vya watu wazima nilikuwa nimeshaiva.

Goti ndilo lililonistaafisha. Sikuaga mtu. Siku moja nilipanda ngazi za nyumbani nikikokota mguu, mke wangu akanitazama akasema, "Baba, si basi tu?" Ikawa basi. Nikasoma ukocha, nikapewa timu ndogo, nikapanda, nikafika klabu hii ninayotaka kuisimulia. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha kukodi Hurlingham, juu ya duka la dawa, na uwanja wake ulikuwa upande wa magharibi wa jiji, umezungushiwa mabati yaliyotoboka.

Mazoezi yangu ya kwanza huwa ni yale yale kila timu. Hakuna kupiga pasi bila kusema neno. Ukinyamaza, unakimbia kuzunguka uwanja. Wachezaji walinicheka nyuma ya mgongo, eti kocha huyu ni redio isiyoishiwa na batri. Sikujali. Ndani ya msimu mmoja timu yangu ilikuwa na kelele kuliko soko, na katikati yao alikuwa nambari nane.

Sitakuwa na haya kusema kwamba nilimpenda kijana huyo. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, mwana pekee wa mama karani wa serikali, naye ni wa kwetu Ukambani. Mpole, mwembamba, lakini mguu wake wa kushoto, wee! Alikuwa anapokea mpira huku ameshajua unakokwenda. Nilikuwa mzuri, nasema bila kujivuna, lakini mimi sikuwa hata nusu yake. Msimu ule ulipokuwa unaishia, wakala mmoja wa wachezaji kutoka ng'ambo alikuwa ametuma habari kwamba anakuja kumtazama kwenye mechi yetu ya mwisho. Kijana alikuwa na mechi moja tu ya kujiuza. Na sisi tulikuwa na mechi moja tu ya kutoshuka daraja.

Sasa, katika vilabu vyetu kuna kitu kinaitwa kamati ya ufundi. Mgeni akisikia hivyo hudhani ni watu wa kuchambua mchezo. Wapi! Ufundi wao ni mwingine. Wao ndio wanaokwambia timu ivalie ndani ya gari kwa sababu chumba cha kuvalia kimetegwa. Wao ndio wanaosema leo msiingie kwa lango, pitieni kwa tundu la uzio. Nimecheza mpira huu maisha yangu yote na nimepita kwenye matundu mengi, nikirarua kaptula kwenye seng'enge, na sijawahi kubishana. Ukibishana na mambo hayo utabishana mpaka uzeeke. Nilichokataa tangu mwanzo ni kimoja, nacho ni kupangiwa kikosi.

Wiki kadhaa kabla ya mechi hiyo ya mwisho, nambari nane aliomba ruhusa kwenda kumzika bibi yake Ukambani. Akaenda, akabeba jeneza pamoja na binamu zake, akarudi Jumatatu mazoezini kama kawaida. Siku ile ile winga wetu alitegua kifundo cha mguu. Jumamosi yake kipa akamwagikiwa na maji moto nyumbani kwake, mkono ukatoka malengelenge. Mambo ya kawaida kabisa. Miguu huteguka na maji moto humwagika. Lakini niliona mazoezini watu wameanza kusema polepole, na nilipowakaribia walikuwa wanazungumzia hali ya hewa.

Ijumaa kabla ya mechi, katibu wa kamati alinipigia simu nikutane naye Kenyatta Market, mchana. Mwanaume huyu ni msomi, ana ofisi ya serikali katikati ya jiji, tai kila siku, na Jumapili anaimba kwaya. Nikapita kwenye saluni, akina dada wakinivuta mkono, "Kuja nikusuke, baba!" nami nikiwaonyesha kipara, "Hapa mtasuka nini?" nao wakicheka. Nilikuwa na furaha siku hiyo. Nilimkuta katibu kwenye benchi la ndani kabisa la kibanda cha nyama choma, moshi wa nyama umejaa, mbavu zimeshakatwakatwa mbele yake na hajazigusa. Hiyo peke yake ingetosha kunishtua.

"Coach," akasema, "Jumapili nambari nane asicheze."

"Ameumia?"

"Hajaumia. Ametoka kuzika, na vile alirudi hakurudi peke yake. Amebeba kitu. Imesemwa akicheza, mtu ataumia."

"Imesemwa na nani?"

"Imesemwa tu."

Haki ya Mungu nilicheka. Nilicheka mpaka mchoma nyama akageuka na kisu chake mkononi kutazama kuna nini. Nikamwuliza kama katika ofisi yake ya serikali pia wanasubiri kuambiwa nani asije kazini. Nikamwambia mimi mwenyewe nimezika baba, mama na kaka, na nilicheza Jumapili zilizofuata, na kilichoniumiza ni goti langu. Hakukasirika. Alipangusa mikono yake safi kwa kitambaa.

"Lisemwalo lipo, coach."

"Na kama halipo laja," nikamalizia kwa dharau.

"Umejisemea mwenyewe," akasema, akainuka, akaniachia ile nyama yote.

Nilikula kidogo, nikaondoka. Nilikasirika njia nzima. Unajua kuna hasira inayotokana na kuwa na hakika? Ndiyo hiyo. Nilikuwa na hakika kwamba uchawi wao hauwezi kumgusa kijana yule hata unywele, na mpaka leo bado nina hakika hiyo. Sikufikiria kwamba maneno yale hayakuanzia kwangu, wala hayangeishia kwangu.

Jumapili ikafika na jua la kuwasha. Tulivalia ndani ya basi nje ya uwanja, kama ilivyoamriwa. Nambari nane alikuwa amekaa dirishani na kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, na watu wawili walikuwa wamesimama. Nikawaambia wakae, wakasema wananyoosha miguu. Tulipopita kwenye tundu la uzio, walimwacha apite wa mwisho. Tukafanya duara la maombi pale kando ya kibendera cha kona, mikono ikashikana, na nikaona nahodha, beki wetu mkubwa wa kati, amemshika nambari nane kwa ncha ya mkono wa jezi, vidole viwili tu, vile mtu anavyoshika nepi chafu ya mtoto.

Niliona yote hayo. Nikajiambia ni woga wa mechi kubwa, kila mtu ana kituko chake. Nikatazama jukwaani, kwenye kivuli, nikamwona yule wakala na kofia yake nyeupe.

Refa akapuliza kipenga. Mara ya kwanza mpira ulipopita mbele ya nambari nane akiwa wazi, mikono juu, anaita, nikasema bahati mbaya. Mara ya pili nikampigia winga kelele. Baadaye nikaacha kupiga kelele nikaanza kutazama. Mabeki walikuwa wanapigiana wao kwa wao, kisha wanabutua mbele juu ya kichwa chake. Alikuwa anakimbia huku na huku katikati ya uwanja, peke yake kama mtu aliyepotelewa na kitu. Mipira aliyopata ni ile aliyonyang'anya mwenyewe. Na kitu kingine ndicho kilichonitia baridi jua lile lote likiwaka. Timu yangu, timu ile ya kelele, ilikuwa kimya. Walisemezana, ndiyo, lakini alipokuwa yeye na mpira, hakuna aliyefungua kinywa.

Mapumziko tulikuwa bila bao, wao bila bao. Nikawakusanya nikawapa maneno yao, na ulimi wangu mnaujua. Walitazama nyasi. Chupa ya maji ikafika kwa nambari nane, akanywa, akamnyooshea winga wa akiba aliyekuwa pembeni yake. Winga akatikisa kichwa. Akamnyooshea mwingine, naye akasema hana kiu. Jua lile! Watu wanatoka jasho mpaka kwenye njumu, na hakuna mwenye kiu. Ndipo nikaelewa.

Nikamvuta nahodha kando. "Mmeambiwa nini nyinyi?"

"Coach, tucheze tu."

"Nakuuliza mmeambiwa nini!"

"Mi niko na watoto wawili, coach," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Imesemwa mtu ataumia. Haikusemwa ni nani."

Refa alishatuita. Nikamwendea nambari nane. Alikuwa anafunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Nikainama, nikamwuliza kama anataka nimtoe. Niliuliza huku nikicheka, nikimpiga bega, ili kumpa moyo, ili ajue kuna mtu mmoja pale anayemgusa bila kuogopa. Nikasema, "Ama na wewe unaamini hizi hadithi za mazimwi?"

Akanitazama, kisha akatazama kofia ile nyeupe kivulini. "Niko sawa, coach," akasema.

Kipindi cha pili kilianza na ngoma za mashabiki wao nyuma ya benchi langu. Nilikuwa nimeshaamua nitampa dakika chache, yule wakala amwone vizuri, kisha nimtoe. Na alicheza! Bila msaada wa mtu, alikokota mpira kutoka katikati, akapita wawili, akapiga shuti likagonga mwamba, na uwanja mzima ukasema "Aaah!" Wakala alisimama. Nilimwona akisimama, na kifua changu kikajaa.

Kisha nahodha akabanwa pale nyuma na washambuliaji wawili. Hakuwa na pa kupiga. Nilimwona akitafuta, akitafuta, na wa pekee aliyekuwa wazi ni nambari nane. Akampigia. Pasi nzuri, ya chini, ya mguuni. Kijana akaja kuipokea akiwa amelipa mgongo lango la wapinzani, kama nilivyomfundisha, kichwa kimeinama kidogo, masikio wazi.

Kutoka nyuma yake alikuwa anakuja kiungo wao, jitu la watu, mbio zote. Nahodha alimwona. Beki wa kushoto alimwona. Kipa alimwona, na bendeji yake mkononi. Wote walikuwa wanatazama upande ule. Ilikuwa neno moja tu, silabi mbili, neno ambalo walikuwa wamelisema mazoezini mpaka likawa kama kupumua. Nilipiga ukelele "Mtu!" mpaka koo likanichanika, lakini nilikuwa ng'ambo ya uwanja na ngoma zilikuwa mgongoni mwangu. Hakuna mwingine aliyesema. Kijana akatulia, akageuka polepole, uzito wote ameuweka kwenye mguu mmoja, kama mtu aliyehakikishiwa kwamba yuko peke yake.

Mlio wa mfupa niliusikia juu ya ngoma.

Sitausimulia mguu. Nitasimulia kilichofuata, maana ndicho ninachokiona nikifumba macho. Hakuna hata mmoja wa timu yangu aliyemkimbilia. Walisimama walipokuwa, mikono kichwani, wamefanya duara kwa mbali. Aliyepiga magoti ni yule jitu aliyemvunja. Ndiye aliyemshika mkono, ndiye aliyemwita daktari, akilia kwa sauti, "Sorry bro, haki sorry, hawakukwambia, hawakukwambia!" Nilipofika pale na goti langu bovu, wachezaji wa upinzani ndio walioinua machela. Mimi nilishika upande mmoja. Tulipopita mbele ya benchi letu, wachezaji wa akiba walisogeza miguu.

Kulikuwa bado na muda wa kucheza. Nilimwachia msaidizi wangu timu, nikapanda gari la wagonjwa. Habari ya bao nilipewa kwa simu. Nahodha mwenyewe alifunga kwa kichwa, dakika za mwisho, mpira wa kona. Hatukushuka daraja.

Hospitali ilikuwa upande wa Hurlingham, si mbali na ofisi yetu. Siku ya pili, baada ya upasuaji, nilimkuta mama yake kwenye benchi la ukumbini na Biblia juu ya mapaja. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba mtoto atatembea. Kuhusu mpira hakumwambia kitu, na mama hakuuliza. Alinisalimu kwa Kikamba, akanishukuru kwa kuja, na shukrani hiyo iliniuma. Katibu naye alikuwa ameshanitumia ujumbe asubuhi, wa kuniombea Mungu anipe nguvu, na mwishoni akaandika kwamba hawana kinyongo na mimi. Wao hawana kinyongo na mimi! Ningemkuta karibu, sijui.

Niliingia wodini nikiwa nimejiandaa. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha. Nilitaka ajue ukweli wote, kwamba hakuna mkosi uliomvunja mguu. Alivunjwa na watu wazima kumi walioziba vinywa. Nilitaka akasirike. Mtu mwenye hasira hupona haraka, najua mimi.

Mguu ulikuwa umeinuliwa, vyuma vimetokeza pande zote mbili. Uso wake ulikuwa mdogo juu ya mto ule mkubwa.

"Walinyamaza," nikamwambia, hata salamu sikutoa. "Wote walimwona na wakanyamaza. Unanisikia? Ndicho kilichotokea, hakuna kingine."

"Najua, coach."

"Unajua?"

"Captain aliniambia Ijumaa. Alikuja hadi kwetu nyumbani. Akaniambia vile imesemwa, akaniomba nisicheze, nijifanye nina homa." Alilamba midomo iliyokauka. "Alikuwa analia. Si mtu mbaya, coach."

Nikavuta kiti nikakaa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka. Hata pale halftime nilitaka kukuambia unitoe. Niliogopa sana, coach. Nilikuwa nasikia kama kuna mtu nyuma yangu mechi yote." Akatazama vile vyuma vya mguuni. "Lakini wewe ulikuwa unacheka."

Nje ya dirisha magari ya barabara ya Argwings Kodhek yalikuwa yamekwama, honi juu ya honi. Nilifungua kinywa nikaanza kumweleza. Nikamwambia habari za baba yangu, na mama yangu, na kaka yangu, na Jumapili zile nilizocheza. Nikamwambia wenzake wangesema neno moja tu angekuwa mzima, tena saa hizi angekuwa anazungumza na yule wakala. Nilizungumza sana. Alinisikiliza kwa heshima, vile alivyonisikiliza siku zote, mpaka nikaishiwa pumzi.

"Niombee msamaha kwa timu," akasema nilipomaliza. "Waambie sikutaka kuwaharibia. Wakitaka kuja kuniona, waambie si lazima waingie ndani."

"Wewe hukumharibia mtu kitu chochote!"

"Bao liliingia baada ya mimi kutoka, ama?"

Mama yake alikuwa ameingia na chupa ya chai, amesimama mlangoni. Nao wote wawili walikuwa wananitazama.

"Eh," nikasema. "Baada ya wewe kutoka."

Akaitikia kwa kichwa, pole pole, akamwomba mama yake amsaidie kugeukia ukutani.